Kuvuka Kwenda Urundi kwa Jina la Barabarani

Vijana wa yadi mmenisumbua niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Haya, naandika. Shule yangu ni darasa la pili la misheni, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo anayetaka maandishi mazuri akamsome karani. Lini nilitoka kuwa utingo nikawa dereva, na mshahara ulikuwaje, hayo siandiki. Ninyi hayawasaidii, na mimi yananitia hasira bure. Nitaandika jinsi nilivyovuka mpaka bila pasi wakati wa Mwingereza, na waliohusika nitawataja. Wengine wamekufa, wengine wana wajukuu hapa hapa Tabora. Wakinuna, wanune.

Mimi ni mtu wa Ipole, Mmoraviani. Baba yangu alikuwa mrina asali, na alitaka nirithi mizinga yake. Nyuki hawakunitaka. Kila tukienda porini narudi uso umevimba, macho hayaonekani, mpaka baba akasema, "Elia, mwanangu, nenda mjini ukatafute kitu kisichouma." Nikaenda mjini nikapata lori. Lori nalo linauma, lakini hilo baba hakulijua.

Lori lilikuwa la tajiri mmoja mwenye duka, na dereva wake alikuwa Juma Kapela, Mwislamu, mtu wa mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora. Kapela alikuwa mfupi. Ukilitazama lori kwa mbele ungedhani linajiendesha lenyewe, mpaka uione kofia yake inachungulia juu ya usukani. Baba yake alikuwa mpagazi, na babu yake pia, watu waliobeba pembe begani kutoka Unyanyembe mpaka pwani. Yeye alisema lori ni mpagazi tu, ila huyu anakunywa petroli na halalamiki miguu.

Siku ya kwanza nilimkuta chini ya gari, miguu tu ndiyo ilikuwa nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye utingo mpya?"

"Ndiyo mzee. Naitwa..."

Alitoka chini ya gari kama aliyeumwa na siafu. "Nyamaza! Nani kakuuliza? La nyumbani liache nyumbani. Njiani unaitwa nani?"

"Sina jina la njiani."

"Basi hupandi."

Alikuwa hatanii. Wazee wa Kinyamwezi waliokwenda pwani na misafara, mtu akitoka kwao alikuwa anaacha jina lake kwa mama yake na kuchukua jingine la safari. Kikimpata kitu njiani, ugonjwa, laana ya mtu, kesi, kinalipata lile jina la njia. La nyumbani linabaki salama, na akirudi analivaa. Kapela alishika desturi hiyo kama alivyoshika sala tano. Nikaona ubao wa bodi ya lori umelegea, nikachukua nyundo nikaugongea, basi angalau nionekane nafanya kazi. Akanitazama mpaka nikamaliza.

"Msumari," akasema. "Panda, Msumari."

Tangu siku hiyo, barabara nzima ya kwenda magharibi, mimi ni Msumari. Wauza chai wa Urambo walinijua Msumari, na watu wa pantoni ya Malagarasi Msumari. Kama Kapela ni jina la nyumbani kwake au la njiani, sikumuuliza. Jambo hilo haliulizwi.

Kazi alinifundisha, siwezi kukataa. Alinifundisha kushika hendeli kwa kuweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, maana ukiizungushia gumba, injini ikirudisha nyuma inakuvunja mkono. Ninyi mna swichi, hamjui mlichonusurika. Alinifundisha kuruka na gogo mlimani na kulitia nyuma ya tairi kabla gari halijaanza kurudi, na kusikiliza springi kwa miguu badala ya masikio. Na alinipa chakula. Kila tulipolala njiani, nyama ya kwanza kutoka chunguni aliiweka upande wangu. Nayaandika haya kwa sababu baadaye nitaandika mengine, na msije mkasema nilimchukia tangu mwanzo.

Basi, tajiri akapata biashara ya kupeleka chumvi Urundi. Urundi ilikuwa ya Mbelgiji. Safari hiyo tulipakia chumvi Uvinza, tukapanda Kasulu, tukaendelea mpaka mpakani. Msifikirie mpaka ni kitu kikubwa. Nilitegemea kuona ukuta, au angalau mto. Niliona mti umelazwa juu ya mapipa mawili, kibanda cha nyasi, na askari. Mbele kidogo mti mwingine, kibanda kingine, askari mwingine. Migomba ya huku na migomba ya kule ni ile ile. Mwanamke mmoja alipita pembeni na mtungi wa maji, akavuka kwenda na akavuka kurudi, hakuna aliyemwangalia.

Pasi hatukuwa nayo. Pasi ilikuwa kitu cha Wazungu na Wahindi. Kapela alikuwa na kibali cha boma, na kibali kilikuwa cha gari na dereva. Utingo hakuandikwa, kama jeki isivyoandikwa. Mimi nilikuwa na stakabadhi yangu ya kodi, basi. Askari wa kwetu, mzee mmoja mpole, aliitazama, hata jina hakuliuliza, akainua mti. Yule wa Mbelgiji aliishika kichwa chini miguu juu, akatikisa kichwa kama aliyeridhika, akanirudishia. Tukavuka.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo lililoleta yote. Kule kwa Mbelgiji magari yanakwenda upande wa kulia. Lori letu usukani wake ulikuwa kulia, wa Kiingereza. Kwa hiyo dereva akiwa kulia mwa barabara anakuwa ubavuni mwa mlima, hawezi kuona anayekuja mbele. Anayeona ni utingo aliyekaa kushoto. Siku zote tulizokuwa kule mimi ndiye niliyekuwa macho ya Kapela. "Gari!" nasema, anabana. "Safi!" nasema, anakanyaga. Kama ningetaka kumwua, ningesema neno moja tu.

Tukashusha chumvi, tukapakia maharage, tukarudi. Kapela alikuwa ameshazoea kulia. Tukavuka mti wa Mbelgiji, na badala ya kuhamia kushoto akaendelea kulia kulia. Nikasema, "Mzee, upande!" Akasema, "Upande gani?" Tukakata kona, na pale kwenye kibanda cha kwetu hakuwepo tena yule mzee mpole. Alikuwepo askari mpya, Filipo Kagoma. Naliandika jina lake waziwazi: Filipo Kagoma. Alikuwa amekaa kwenye kigoda ukingoni mwa barabara, upande ambao gari la kuingia halitakiwi kupita, anakula maharage yake kwa amani. Akainua macho akaliona lori linamjia. Akaruka mtaroni. Sahani ikaenda huku, kofia kule. Kapela alifunga breki, gari likasimama juu ya kigoda.

Filipo alitoka mtaroni ana matope mpaka kwenye masikio.

"Aliyekufundisha kuendesha ni mbuzi?"

Kapela akashuka na kofia mkononi. "Samahani bwana askari. Kule tumezoezwa upande huu."

"Kule ni kule! Hapa Tanganyika! Unataka kuniua na mdomo una chakula?"

"Hapana bwana. Injini imechemka, akili nayo imechemka."

"Leteni makaratasi!"

Makaratasi ya Kapela yalikuwa sawa. Filipo aliyageuza na kuyageuza, akitafuta kosa, hakulipata. Nilimwona anavyoumia. Mtu mwenye matope masikioni hawezi kukubali kuinua mti hivi hivi. Akanigeukia mimi.

"Wewe! Jina?"

Na mimi, kwa mazoea, bila kufikiri, nikasema, "Msumari."

Akatazama stakabadhi yangu. "Hapa pameandikwa Elia Luhende."

"Ndiye mimi."

"Umesema Msumari."

"Hilo la njiani."

"Na hili?"

"La nyumbani."

"Kwa hiyo ninyi ni wangapi humo ndani? Niwafungulie mti mmoja mmoja?"

Nikaanza kumweleza habari za wapagazi, mama, na laana. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo. Hata mimi nilijisikia naongea uongo, na yalikuwa ya kweli yote. Filipo akamwita Kapela, ambaye wakati huo alikuwa amefungua boneti anaongeza maji kwenye rejeta. Injini hakuizima, kwa sababu ilikuwa ngumu kuwaka.

"Mzee! Unamjua Elia Luhende?"

Kapela hakugeuka. Maji yaliendelea kumiminika.

"Simjui," akasema.

Nikacheka. Nilidhani anatania. Filipo hakucheka, na Kapela hakucheka, na kicheko changu kikabaki peke yake hewani.

"Mzee Kapela," nikasema, "mwambie!"

Akafunga kifuniko cha rejeta, akashusha boneti, akapangusa mikono. Filipo akainua mti. Kapela akapanda, akaondoa gari polepole. Safari hii alikaa kushoto sawasawa. Nilikimbia nyuma ya lori, Filipo akanishika ukosi.

"Unakwenda wapi, Mrundi? Lifti imekwisha."

"Mimi Mnyamwezi! Wa Ipole!"

"Sema Kinyamwezi."

Nikasema Kinyamwezi. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, watu wa kanisani watasoma. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi Kinyamwezi sikijui," akasema. "Nitajuaje kama ndicho? Na Warundi waliofanya kazi Tabora wanakisema vizuri tu. Stakabadhi umeiokota, au umemwibia mwenyewe. Labda Elia Luhende wa watu sasa hivi analia huko porini."

Siku zile Warundi wengi walikuwa wanavuka kutafuta kazi, na aliyekamatwa bila karatasi alipelekwa kwenye kambi ya manamba, wa kwenda kukata mkonge. Filipo alinipeleka huko Kasulu yeye mwenyewe. Stakabadhi yangu aliitia mfukoni mwake, sikuiona tena.

Pale kambini karani alikuwa Augustino Mponda. Huyu yuko hai, na akilisoma hili ajue nimemwandika mimi. Nilimwambia mimi ni Elia Luhende, mke wangu ni Helena, tumefunga ndoa kabla ya masika, nirudisheni Tabora.

"Wote mkifika hapa mna majina ya misheni na wake wazuri," akasema. "Mkataba ukiisha utarudi kwa Helena wako."

Akaniandika mtu wa Urundi, akanifunga kibati chenye namba shingoni. Mnaelewa maana yake? Mkongeni watu walikuwa wanakwenda vijana na kurudi wazee, au hawarudi. Na Helena angeambiwa nini? Lori limerudi bila mimi, na kokote ambako angenitafuta, hakuna mtu wa jina langu. Aliyekamatwa ni Mrundi, na aliyepanda lori ni Msumari. Elia Luhende alikuwa hajatoka nyumbani.

Kambini ndiko nilikochanganyikiwa hasa. Warundi walinisemesha Kirundi, nikawa siwaelewi. Wakaona ninaringa. Mmoja aliniuliza kwa Kiswahili, "Ndugu, kwa nini unaikataa nchi yako?" Nikamwambia siyo nchi yangu. Akanionea huruma, akanigawia muhogo. Nilikaa nikiyarudiarudia maneno ya Kapela. Simjui. Simjui. Nilijaribu kuyasema kama alivyoyasema yeye, nipate kujua aliyasema kwa moyo gani. Mara yananijia kama maneno ya mtu mwenye hila. Mara kama maneno ya mtu aliyeulizwa bei ya nyanya.

Tukapelekwa Kigoma, tukapandishwa treni ya kwenda chini, pwani. Na treni ya kwenda chini, ninyi mnajua, lazima ipite Tabora.

Ilisimama Tabora mchana, maana hapo hubadilisha injini. Nilibanana dirishani nikitafuta uso wa kuufahamu. Walikuwepo wanawake wenye karanga, wenye asali, wenye maembe. Nikatazama wote, na niliyemfahamu alikuwa mmoja tu, mama mkwe wangu.

Vijana wa siku hizi mnasalimiana na wakwe zenu, mnacheka nao mezani. Kwetu wakati ule haikuwa hivyo. Mama mkwe hutazamani naye usoni. Mkikutana njiani, wewe unaingia majani haya na yeye anaingia yale. Kumwita jina lake ni heri umtukane mchungaji. Na mimi nilikuwa dirishani, kibati shingoni kama mbuzi wa mnada, naye yuko karibu kiasi cha kumtupia jiwe, anapima karanga. Nilisubiri labda apite mwingine. Hakupita mwingine. Injini mpya ikafungwa, nikasikia mabehewa yanagongana.

"Kalunde!" nikaita. "Kalunde, mama Helena! Ni mimi, Elia!"

Alishtuka karanga zikamwagika. Akaniona mara moja, akajifunika kanga kichwa kizima, akageuka, akakimbia. Nikasema basi, nimekwisha.

Alikuwa hakimbii. Alikuwa anamfuata askari wa stesheni. Akamleta huku amejifunika hivyo hivyo, anatembea kinyumenyume ili mgongo ndio unielekee mimi, anajikwaa kwenye vikapu vya watu. Akaelekeza kidole nyuma ya bega lake.

"Huyo wa dirisha hilo," akasema, "ni mume wa binti yangu."

"Mbona humtazami?" askari akauliza.

"Nitamtazamaje na ni mkwe wangu? Wewe huna kwenu?"

Askari alikuwa na kwao. Akaelewa papo hapo. Hakuuliza karatasi. Mwanamke hawezi kumwonea aibu ya ukwe mtu asiyemjua. Wenzake wenye karanga wakaja, wakaanza kupiga kelele, huyu ni wa Ipole, huyu ni mtoto wa mrina asali, yule anayevimba uso. Augustino Mponda, aliyekuwa anatusindikiza, akashuka mbio.

"Mtu wangu huyo! Ameandikwa Mrundi!"

"Mrundi ana mama mkwe Tabora?" askari akamjibu. "Hebu mteremshe kabla akina mama hawa hawajakupanda kichwani."

Nikateremka. Treni ikaanza kusogea, na Augustino akaning'inia mlangoni akipiga kelele, "Kibati! Rudisha kibati!" Nikamtupia.

Mama mkwe hakusubiri shukrani. Aliokota karanga zake zilizobaki, akaondoka bila kugeuka. Baadaye familia yake ilinidai mbuzi kwa kumwita jina hadharani. Nikatoa. Mpaka leo naona lilikuwa dai la haki, na mpaka leo naona uchungu.

Sikwenda kwa Helena kwanza. Nilikwenda yadi, nikachukua spana ya magurudumu, nikaenda Ng'ambo kwa Kapela. Nilimkuta barazani amekaa kwenye mkeka, anakula ugali. Akainua macho. Hakushtuka.

"Karibu chakula, Msumari."

"Kwa nini ulisema hunijui?"

"Sikusema sikujui wewe."

"Askari alikuuliza, ukasema humjui!"

"Aliniuliza Elia Luhende. Mimi Elia Luhende nimjulie wapi? Umewahi kuniambia jina hilo?"

"Si ulinikataza!"

"Basi."

"Lakini nilikuwa nimesimama hapo hapo! Ulisikia nakuita!"

Akatafuna kwanza, akameza. "Lile lilikuwa jina lako la nyumbani, na liko mikononi mwa askari. Ningesema namjua, angeniandika mimi na wewe na gari. Ningesema wewe ni Msumari, angesema stakabadhi ni ya wizi. Nilifikiri akikuona huna anayekujua atakuachia, utanikuta mbele. Nilikungoja kwenye mteremko mpaka rejeta ikapoa. Kisha nilikwenda mpaka kambini Kasulu, nikamwuliza karani, mna mtu anaitwa Msumari? Akasema hakuna."

"Niliandikwa Mrundi!"

"Ningejuaje?"

Nilisimama na spana yangu. Kila alichosema kiliwezekana. Vilevile iliwezekana kwamba alitaka kuondoa gari lake pale kabla Filipo hajalipata kosa la kigoda, na mimi ndiye niliyekuwa malipo. Kasulu labda alikwenda, labda hakwenda. Miaka mingi baadaye nilimwona Augustino Mponda sokoni, nikamwuliza kama kuna mzee mfupi aliyewahi kuja kuulizia Msumari. Akasema, "Walikuja watu wengi wakiulizia watu wengi," akaendelea kuchagua vitunguu.

"Na kama ningefika mkongeni?" nikamwuliza Kapela.

"Ningetafuta utingo mwingine," akasema. "Kaa ule, kimepoa."

Mkono ulioshika spana haukujua ufanye nini. Nikakaa. Nikala. Njaa nilikuwa nayo, hilo ndilo jambo pekee la siku ile ambalo nina hakika nalo.

Siku ya kupakia nilikwenda yadi, kwa sababu kazi nyingine sikuwa nayo na Helena alikuwa na mimba. Nikazungusha hendeli, injini ikawaka. Kapela akatoa kichwa dirishani.

"Elia Luhende!" akaita, kwa sauti ya muadhini. "Elia Luhende wa Ipole! Panda!"

Na tangu hapo hakuniita vingine. Urambo, "Elia Luhende, leta gogo!" Malagarasi, mbele ya watu wote wa pantoni, "Elia Luhende, angalia tairi!" Kwenye kila kizuizi, kabla askari hajafungua mdomo, Kapela ameshateremka anatangaza, "Huyu ni Elia Luhende, namjua, namjua mimi," mpaka askari wanamwambia, mzee, tumesikia, hatujakuuliza. Kama alikuwa anatubu au ananicheka, uso wake haukusema, na mimi nilikuwa nimekaa upande wa kushoto, namwona ubavu mmoja tu. Tulikaa hivyo mpaka macho yake yalipokwisha na usukani ukawa wangu. Sikumsamehe. Na kila aliponiita, niliitika.